Kabla ya Kushuka Pwani: Upepo Kwanza, Mwezi, Kisha Sanduku

Wengi wetu hapa Nairobi hupanga safari ya Pwani kwa kutazama mambo mawili: shule zinafungwa lini, na pesa zipo au hazipo. Ni sababu za haki kabisa. Lakini bahari haijui tarehe za shule. Yenyewe hufuata upepo na mwezi, na wenyeji wamepanga uvuvi na safari zao kwa hivyo viwili tangu enzi za majahazi. Kwa hiyo kabla hujalipia chumba, jiulize utakuta upepo gani.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Jua huwa kali, joto la Mombasa hupita nyuzi 30 bila shida, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Anayetaka kuvaa miwani ya kuogelea na kutazama samaki kwenye matumbawe ya Watamu au Kisite-Mpunguti, wakati wake ndio huo. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Upepo huwa na nguvu, mawimbi hupanda nje ya mwamba, na mwani hurundikana ufukweni. Wageni hulalamika kwamba hoteli haifagii, kumbe ni bahari inafanya kazi yake, na huo mwani husaidia kuushika mchanga usichukuliwe na maji. Kusi ina neema zake pia. Julai na Agosti joto hupungua, na ukisafiri na mzee au mtoto mchanga utashukuru. Isitoshe, kati ya Julai na Septemba nyangumi wa nundu hupita karibu na pwani yetu wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa, na boti za Watamu hupeleka watu kuwaona.

Mei ndio mwezi wa kuepuka. Masika ya Nairobi hufikia kilele Aprili, ya Pwani hufikia Mei. Ukiona mvua imepungua huku Kasarani au Rongai, usidhani imekwisha kila mahali. Mwaka mmoja nilidhani hivyo, nikawapeleka watoto katikati ya Mei, tukacheza karata siku nne mfululizo tukisikiliza mvua kwenye makuti.

Malindi inahitaji neno lake. Mto Sabaki humwaga maji baharini kaskazini kidogo ya mji huo. Mvua ikinyesha bara, mto hushuka na udongo, na kaskazi ikivuma husukuma maji hayo mekundu kuelekea kusini, hadi kwenye ghuba ya Malindi. Sabaki ni jina la mwisho la mto ambao juu huitwa Galana, na juu zaidi Athi, na Mto Nairobi wetu huingia humo humo. Kinachotupwa mtoni Korogocho kinaweza kufika kule tunakokwenda kuogelea. Kwa hiyo kama hamu yako ni maji ya samawati, nenda Malindi wakati wa kusi, mvua za bara zikiwa zimekatika. Vinginevyo shukia Watamu au Diani.

Ukishachagua mwezi wa kalenda, tazama mwezi wa angani. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, tofauti ikawa ndogo. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na huo ndio wakati wa kutembea hadi mwambani au kufika kwenye fungu la mchanga. Ila atakayetarajia kuogelea asubuhi hiyo mbele ya hoteli huenda akakuta maji ya magotini. Kama unakwenda kuogelea tu, siku za maji mafu zinakufaa zaidi, maana hujaa asubuhi. Mtu mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anayo majibu tayari: tarehe 1 na 15 ni karibu na bamvua, 8 na 22 ni karibu na maji mafu.

Kalenda hiyo hiyo itakuonyesha Ramadhani, ambayo kila mwaka huja mapema kwa siku 10 au 11. Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa katika mwezi huo mikahawa mingi hufungwa mchana, na si adabu kutembea barabarani ukila. Jioni, hata hivyo, utakula vyakula ambavyo miezi mingine huvioni. Mimi sikimbii Ramadhani, nahakikisha tu nimeijua.

Usafiri hauna mengi. Tiketi za treni kwa *639# huisha haraka Desemba na wikendi ndefu, na jina kwenye tiketi lazima lifanane na kitambulisho. Fika Syokimau angalau saa moja kabla, kwa sababu mizigo hukaguliwa zaidi ya mara moja. Pia panga mapema utakavyotoka Miritini, kwani stesheni iko nje ya mji. Wanaokwenda Diani siku hizi wana barabara ya Dongo Kundu na si lazima wapange foleni ya feri ya Likoni.

Sasa sanduku. Punguza nguo, ongeza leso. Leso mbili hufanya kazi ya taulo, shuka, kitambaa cha kichwa na stara ya kupita mjini. Beba kofia pana, fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, na mafuta ya kujikinga na jua, kwani ngozi nyeusi nayo huungua. Beba viatu vya plastiki, zile sandak za utotoni, kwa sababu mwambani kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia nyayoni. Beba chupa ya chuma ya maji. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi, za bahari zikiwemo. Jaketi moja iwe juu, ya kurudi nayo. Julai utashuka Syokimau usiku na kaptura, meno yagongane.

Kitu nisichokubali kisahauliwe ni malaria. Sisi tuliokulia Nairobi miili yetu haina mazoea nayo. Muone daktari wiki kadhaa kabla akuchagulie dawa ya kinga. Doksisaiklini, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea wiki nne baada ya kurudi. Hufanya ngozi iungue jua haraka, na haifai kwa wajawazito wala watoto walio chini ya miaka minane, ambao wana dawa nyingine. Pakeni dawa ya kufukuza mbu jioni, mlale ndani ya chandarua hata feni ikizunguka.

Binti yangu alishikwa na homa siku ya kumi na moja baada ya kurudi. Kwenye zahanati ya mtaani wakaona ni mafua ya Julai, wakampa dawa ya kikohozi. Siku ya pili ndipo nilipokumbuka kusema, "Tulikuwa Kilifi." Wakamtoboa kidole, na kipimo kikaonyesha malaria. Tangu hapo, tukirudi, naandika kwenye kalenda ya jikoni tarehe tuliyotoka Pwani, na naiacha pale miezi mitatu.