Jinsi ya Kujua Saa za Miji ya Mbali Ukiwa Mtwara au Lindi

Mkazi wa Mtwara anayevuka Mto Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala na kuingia Msumbiji anapaswa kurudisha saa yake nyuma kwa saa moja nzima, kwa sababu Tanzania imetangulia saa za Greenwich, yaani saa za London zinazotumika kama kipimo cha saa za dunia, kwa saa tatu, ilhali Msumbiji imezitangulia kwa saa mbili. Jambo hilo linafaa kutafakariwa kabla ya kupiga hesabu za miji ya mbali, maana mji wa Palma, ng'ambo ya mto, uko mashariki kidogo ya Mtwara mjini na hata hivyo saa yake iko nyuma ya yetu. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa kila saa, lakini mipaka ya kanda za saa huamuliwa na serikali. Kwa longitudo yake ya nyuzi 40 hivi mashariki ya Greenwich, Mtwara ingestahili kuitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 40 tu, na ndiyo maana jua la hapa hufika utosini, kwa wastani, yapata dakika 20 baada ya saa sita kamili mchana.

Anza kwa kuigeuza saa tunayoitamka iwe saa ya tarakimu 24 kama simu inavyoiandika. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita. Kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, ongeza kumi na nane. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, toa sita. Kisha toa tatu ili upate saa ya Greenwich, na mwisho ongeza au punguza tofauti ya mji unaoutaka. Tuseme ni msimu wa korosho na unataka kumpigia mnunuzi saa tatu asubuhi, yaani 9:00, ambayo ni 6:00 Greenwich. Kollam, kule Kerala, hufuata saa za India, zilizo mbele ya Greenwich kwa saa tano na nusu, hivyo huko ni 11:30. Ho Chi Minh City, kule Vietnam, iko mbele ya Greenwich kwa saa saba, hivyo huko ni 13:00, na huenda mwenyeji wako yuko mezani kwa chakula cha mchana.

Mji mmoja hauhitaji hesabu yoyote, nao ni Tokyo. Japani imetutangulia kwa saa sita kamili, na saa tunayoitamka kwa Kiswahili nayo hupishana na tarakimu za ukutani kwa saa sita. Kwa hiyo tunaposema saa mbili asubuhi, mshale mfupi wa saa ya Tokyo umesimama kwenye mbili, ya alasiri. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa mambo yanayopendeza zaidi katika elimu hii yote.

Uangalifu mkubwa unahitajika kwa nchi zinazobadilisha saa kufuata majira. London iko nyuma yetu kwa saa tatu, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tofauti huwa saa mbili. New York iko nyuma kwa saa nane, nayo hupungua kuwa saba kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa kuwa tarehe hizo hazilingani, mwezi Machi usitegemee tofauti uliyoizoea bila kuihakiki. India, Vietnam, China na Japani hazibadilishi, na sisi pia hatubadilishi.

Simu yenye saa ya dunia hufanya kazi hii yote ukiongeza jina la mji. Hata hivyo, ukiwa karibu na mpaka, simu inayojipangia saa yenyewe inaweza kunasa mtandao wa ng'ambo na kurudi nyuma saa moja, hivyo ni vyema huko uchague mwenyewe ukanda wa Dar es Salaam.

Hesabu ikishuka chini ya sifuri, ongeza 24 na urudi siku moja nyuma. Ikifika 24 au kuzidi, toa 24 na usogee siku moja mbele. Saa mbili asubuhi ya Jumatatu hapa Lindi, mwezi Januari, ni saa 21:00 ya Jumapili huko Los Angeles. Kwa hiyo katika kila ahadi andika siku, tarehe, saa ya tarakimu 24 na jina la mji wenye saa hiyo, na usiandike "usiku wa Ijumaa" pekee, kwa kuwa wazee wetu huhesabu usiku huo kuanzia magharibi ya Alhamisi.