Jinsi ya kuandaa jubilei ya shule na wanafunzi wa zamani
Kama shule yenu ya Kikatoliki inakaribia miaka 100, vile Mang'u, shule ya Kenya iliyoanzia Kabaa mwaka 1925 chini ya mapadri wa Roho Mtakatifu, ilivyofikisha 2025, anzeni kutafutana mapema sana, kila mwaka wa kumaliza uwe na grupu yake ya WhatsApp na mtu mmoja anayejua nani yuko wapi, na wale wazee kabisa msingoje waje onlaini, watembeleeni nyumbani maana hao ndio wako na picha na stori zote. Michango ipitie Paybill (namba ya M-Pesa ya kupokea malipo) ya chama cha wanafunzi wa zamani, sio namba ya mtu. Siku yenyewe Misa kwanza, majina ya marehemu yasomwe, tafadhali msiruke hapo. Alikeni pia wapishi na walinzi wa zamani. Pesa ikibaki, lipieni watoto karo.