Kabla ya kuwasha programu, pitia mchezo wako mwenyewe

Nikipigwa kwenye sataranji (chess), siwashi programu ya kuchambua mchezo usiku huohuo. Nanywa chai kwanza, kisha napanga kete upya ubaoni na kuandika kwa penseli nilichokuwa nikiwaza kila hatua. Hasira ikiwa bado ipo, lala.

Anza na ufunguzi: tafuta hatua ya kwanza uliyocheza bila kujua sababu. Juzi nilishika kete nyeusi. Askari wake e4, wangu e5 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni). Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, farasi f6. Mpinzani akarusha farasi g5, akiiwinda f7. Nikajibu d5, sawa kabisa. Askari wake akala d5, nami nikamla kwa farasi, haraka kama mtu anayedaiwa. Hapo ndipo nilipojichoma. Farasi wake akala f7, akitishia malkia na ngome. Ikabidi mfalme amle. Malkia wake akaja f3, akawalenga mfalme na farasi wa d5 kwa mpigo. Ili kumwokoa farasi, mfalme akatoka hadi e6, peupe!

Badala ya kumla askari wa d5, dawa ilikuwa farasi wa c6 aende a5, kumsumbua askofu. Unapoteza askari mmoja, unapata kasi. Andika hilo tu daftarini. Hatua ishirini za kukariri utazisahau. Sasa washa programu, uone mmepishana wapi.