Namna ya kufuata njia ya walowezi, Bukavu mpaka Goma

Boti ni rahisi, nakubali, lakini kama unataka kuona namna wazungu waliingia Kivu na kushika udongo, panda gari upite RN2, barabara ya taifa, kama kilometa 200 hivi, na utafute kiti cha upande wa kuume sababu ziwa Kivu na kisiwa cha Idjwi viko upande ule. Mbele ya kutoka uliza madereva hali ya njia na ya usalama, ile ya leo leo. Juni mpaka Agosti njo kuzuri, mvua iko kidogo.

Kitu cha kujua mbele ya kuona manyumba ya zamani: 1928 Wabelgiji walianzisha Comité National du Kivu, CNKi, shirika la koloni, ikawa inagawia walowezi mashamba, koloni inasema huu ni udongo hauna mwenyewe, kumbe Bashi na Bahavu, wenyeji wa hapo, walikuwa wanalima na kuchunga ng'ombe hapo tangu wababu. Basi kila ukiona shamba kubwa ya kahawa, majani chai ao kinkina (ile miti ya dawa ya malaria), usiulize tu nani aliipanda, uliza wazee nani alikuwa anakaa hapo mbele. Mimi naona hiyo njo historia yenyewe, villa ni picha tu.

Ukifika Miti, RN3 inakata kushoto inaenda Tshivanga na Walikale, iache, endelea mpaka Kavumu kwenye uwanja wa ndege. Mbele kidogo ingia kushoto Lwiro, hapo usikimbie kabisa, kilikuwa kituo cha utafiti cha IRSAC, shirika la Wabelgiji la sayansi la 1947, majengo na bustani vinakuonyesha Wabelgiji walifikiri watakaa miaka mingi sana, na 1960 uhuru ukawakuta. Rudi barabarani, pita Katana, Kalehe, Nyabibwe, halafu Minova, kula hapo.

Bweremana tayari uko Kivu ya Kaskazini. Sake, kushoto ni Masisi, wewe kamata kuume. Kati ya Sake na Goma lava (mawe ya moto) ya volkano Nyamulagira ya 1938 mpaka 1940 ilishuka mpaka ndani ya ziwa, kwa hiyo usijisumbue kutafuta njia ya kwanza kabisa pale, angalia tu yale mawe meusi. Panga saa zako vizuri usiku usikukute Sake, ulale Goma.