Kabla ya Kuleta Tangi la Amonia Uani

Anayefikiria kuzalisha umeme wa dharura kwa hidrojeni itokanayo na amonia, awe na kiwanda Nakuru au hospitali Kisumu, huanza kwa kuulizia bei ya mtambo, ilhali swali hilo linafaa kuwa la mwisho. La kwanza ni amonia yenyewe itatoka wapi, kwa kuwa karibu yote inayouzwa duniani hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe, na mwenye kuitumia huwa amehamisha moshi tu kutoka uani kwake hadi nchi ya mtengenezaji. Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani mwaka 2023, na umeme wa mvuke wa Olkaria, katika kaunti ya Nakuru, umetajwa mara nyingi kuwa chanzo kinachofaa. Lakini kutajwa si kuuzwa, kwa hiyo mnunuzi adai mkataba wa maandishi unaoonyesha asili, kiasi na ratiba ya kupelekewa. Gunia la mbolea ya CAN, ambalo wapo wanaolifikiria, halihesabiki hapa, kwani hiyo si amonia, na nitrati iliyomo ni hatari ikipashwa moto.

Linalofuata ni hesabu. Hidrojeni ni takriban asilimia 17.6 ya uzito wa amonia, na kuitenganisha na nitrojeni hula karibu sehemu moja kati ya saba ya nishati yote, kwa kuwa vichocheo vya nikeli kwa kawaida huhitaji joto la nyuzi 700 za selsiasi au zaidi. Ukiondoa hasara za njiani, makadirio ya tahadhari ni yuniti mbili za umeme kwa kila kilo ya amonia, maana yake ni kwamba wodi inayotumia kilowati 10 kwa saa 8 itamaliza kilo 40 hivi. Tena, tanuri la kuvunjia amonia halipati moto papo hapo, hivyo lazima pawe na betri za kubeba mzigo tangu umeme unapokatika hadi mtambo uwe tayari.

Usafi wa gesi nao usipuuzwe. Seli za fueli, yaani vifaa vinavyogeuza hidrojeni kuwa umeme, zipo za aina mbalimbali. Zile za utando, ambazo ndizo nyingi sokoni, huharibiwa na amonia inayozidi sehemu 0.1 katika milioni ya hidrojeni, kwa hiyo kichujio na ratiba ya kukibadilisha viandikwe katika bajeti tangu mwanzo. Seli za oksidi ngumu hupokea amonia moja kwa moja, ingawa huendeshwa kwa joto kali.

Uhifadhi ndio unaostahili muda mwingi kuliko yote. Amonia hugeuka kuwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo ukilinganisha na ule wa hidrojeni, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa; lakini katika joto la nyuzi 30, la kawaida mchana wa Kisumu, mgandamizo ndani ya tangi hukaribia baa 12, yaani takriban mara 12 ya ule wa hewa ya kawaida, ndiyo maana tangi halijazwi kupita takriban asilimia 85, huwekewa kivuli, na vali zake hazitengenezwi kwa shaba wala mchanganyiko wake na zinki, kwani amonia huzila. Pua huisikia ikiwa sehemu chache tu katika milioni ya hewa, ila ikifika sehemu 300 huhatarisha maisha, na inapovuja ikiwa baridi hutambaa chini kama ukungu badala ya kupaa. Karibu na ziwa, upepo wa alasiri hutoka majini kuelekea nchi kavu na ule wa usiku hurudi kinyume, kwa hiyo mlango salama wa mchana huenda ukawa mtego wa usiku. Pawe na njia mbili za kutokea, kitambaa cha kuonyesha upepo kinachoonekana gizani, na maji ya kuosha macho yanayoweza kutiririka dakika 15 mfululizo. Mlinzi wa zamu ya usiku ajue kufunga vali kuu kabla ya mhandisi kufika. Asipokuwepo mtu huyo, mradi usubiri.

Vibali vya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), ukaguzi wa idara ya usalama kazini na taarifa kwa kikosi cha zimamoto cha kaunti vishughulikiwe mapema, kwa sababu huchukua muda. Kwa mafundi, waulizwe kwanza wale wanaohudumia vyumba vikubwa vya kugandisha samaki na nyama, ambako amonia hutumika kupozea: wanaijua harufu yake na tabia yake kuliko muuzaji wa mtambo.

Hatimaye, kabla ya kujaza mara ya kwanza, paipu zote zijaribiwe kwa nitrojeni kavu, viungo vipakwe povu la sabuni, na geji isomwe jioni na asubuhi. Nitrojeni hiyo pia hufukuza hewa, kwani oksijeni ikibaki pamoja na amonia huweza kukitia chuma cha tangi nyufa zisizoonekana kwa macho.