Somo: Kuchagua Chaja ya Betri Ndogo za Nyumbani

Betri nyingi za kuchaji hazifi kwa uzee bali huuawa na chaja, na kwa sababu hiyo naomba msome somo hili kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya kwanza: soma ganda la betri. Chaja ninayoieleza hapa ni ya betri za AA na AAA zilizoandikwa Ni-MH (yaani nikeli na haidridi ya metali, aina ya betri ya kuchaji) na volti 1.2. Betri za kawaida za volti 1.5, za alkali au za zinki na kaboni, hazichajiwi, kwani ukizilazimisha huvuja na zaweza hata kupasuka.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote: hesabu taa za chaja. Chaja yenye matundu manne na taa mbili mara nyingi huchaji betri mbilimbili, hivyo ukichanganya iliyoisha na iliyobaki na nusu ya chaji, hiyo ya nusu hujaa mapema lakini huendelea kusukumiwa umeme mpaka ichemke. Mimi niliwahi kuzitoa betri za redio asubuhi nikakuta karatasi ya ganda imejikunja kama utandu wa maziwa. Tafuta chaja inayosimamia kila tundu peke yake. Betri ya Ni-MH inapojaa, volti yake hushuka kwa milivolti chache tu, na chaja nzuri huiona dalili hiyo ikakata umeme yenyewe.

Hatua ya tatu: angalia kasi. Betri ya 2000 mAh (miliampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba) ikichajiwa kwa miliampea 500 huchukua saa nne hadi tano, na huo ndio mwendo ninaoupendelea. Kwa miliampea 200 itahitaji saa kumi na mbili au zaidi.

Hatua ya nne: hakikisha imeandikwa 100–240V. Chaja ya Marekani ya volti 120 pekee itaungua kwenye soketi zetu. Ya USB yafaa sana panapokatika umeme, kwa kuwa hutumia hata pawabenki.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ni lazima betri iishe kabisa ndipo niichaji?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Desturi hiyo ilitokana na betri za nikeli na kadimiamu. Ni-MH huumia ikikamuliwa mpaka mwisho, kwa hiyo tochi ikianza kufifia, zitoe.

Swali: Betri zangu hupata joto. Je, ni hatari?
Jibu: Uvuguvugu karibu na kujaa ni wa kawaida. Zikikuunguza mkono, chomoa chaja mara moja na usiitumie tena.

Swali: Chaja yangu mpya inaikataa betri iliyokaa kwenye droo muda mrefu, ingawa ile ya zamani inaikubali.
Jibu: Volti yake imeshuka mno, na chaja mpya inaihesabu kuwa mbovu. Ile ya zamani inaikubali kwa kuwa haipimi kitu. Ijaribu mara mbili au tatu kwenye mpya. Ikiendelea kukataliwa, iache.