Ratiba ya mazoezi kwa anayeanza: panga kwanza siku za kupumzika

Makosa ya wanaoanza mazoezi yanafanana: Jumatatu mbio, Jumanne mbio, Jumatano pushapu 50, Alhamisi mtu anashuka ngazi za daladala kwa kushikilia mlango. Wiki ya pili ameacha. Zoezi huichosha misuli na kuichanachana kidogo. Hujijenga upya unapopumzika na kulala. Ukiinyima nafasi hiyo, unazidi kubomoa tu.

Kwa hiyo chukua kalenda, uzungushie duara siku 3 za mapumziko kabla ya kuandika zoezi lolote. Anayetoka Mbagala kwenda kazini Posta, katikati ya Dar es Salaam, na kurudi usiku anazijua siku zinazomchosha kuliko zote. Hizo ndizo za kupumzikia. Mpangilio unaowafaa wengi ni huu: Jumatatu nguvu, Jumanne kutembea, Jumatano pumziko, Alhamisi nguvu, Ijumaa pumziko, Jumamosi matembezi marefu, Jumapili pumziko. Siku mbili za nguvu zisifuatane, maana misuli inahitaji kama saa 48 kabla ya kurudia kazi ileile.

Siku ya nguvu haihitaji jimu. Pasha mwili joto dakika 5 kwa kutembea papo hapo na kuzungusha mabega, kisha fanya haya: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kujishika, mara 10, pushapu za ukutani, au za mezani kama meza ni imara, mara 8, kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua nyonga, mara 10, mwisho kujiegemeza kwenye viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, sekunde 20. Pumzika dakika 1 hadi 2, kisha rudia yote mara moja tu, yaani mizunguko 2. Acha ukiwa bado na uwezo wa kuongeza mara 2. Kiuno kikianza kulegea na kushuka, zoezi limekwisha hata kama sekunde hazijatimia, kwa sababu mzigo umeshahamia mgongoni. Mzunguko wa tatu usubiri wiki ya tatu.

Kutembea: Jumanne dakika 25, Jumamosi 40, kwa kasi inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na siku 2 za nguvu. Usizikimbilie. Ongeza dakika 5 kila safari kwa wiki, na kila wiki ya nne punguza kidogo mwili upumue. Safari ya Jumanne ikianza kuwa ndefu mno, hamishia ziada siku nyingine. Mbio zije baada ya mwezi: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 6. Wanaoruka hatua hii huishia na maumivu ya mifupa ya mbele ya miguu.

Joto la Dar lina unyevu, na jasho lisilokauka haliupozi mwili. Toka saa 12 asubuhi au subiri saa 11 jioni, hasa Desemba hadi Machi. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au baridi ya ghafla juani, simama, tafuta kivuli, kunywa maji; usijikaze. Coco Beach panapendeza, ila nenda maji yakiwa yamekupwa, utembee kwenye mchanga mgumu uliolowa. Mchanga laini huchosha haraka kano ya kisigino. Ufukwe umeinama pia, basi rudi kwa njia uliyoendea ili mguu mmoja usibebe mzigo peke yake.

Misuli ikiuma pande zote mbili siku ya pili na kupungua baada ya siku 3, hiyo ni kawaida. Maumivu makali ya sehemu moja, kwenye kiungo, au yanayokufanya uchechemee, yanataka upumzike hadi yaishe. Ya kifua ni ya hospitali mara moja. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aonane na daktari kabla ya wiki ya kwanza.

Siku ya pumziko si ya kulala kutwa. Kutembea hadi kituoni hakuidhuru. Ukikosa siku ya zoezi, iache ipite. Usiilipie Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga ahamishie nguvu kama dakika 90 baada ya futari nyepesi, abaki na mzunguko mmoja.